Motokaa Ndogo za Njia Mbaya: Wenye Mali Wasemaje, na Madereva Wasemaje?

Barabara kuu ya lami itokayo Segera kwenda Muheza na Tanga yapita hapa Hale, na kutwa nzima hupita juu yake magari ya kila namna: mabasi, malori, pikipiki na motokaa za watu binafsi. Katika hizo motokaa za watu, aina moja imezidi sana kuonekana. Ni motokaa fupi, iliyoinuka juu ya ardhi kuliko zile za mjini, na yaweza kuvutwa na magurudumu yote manne. Si Land Rover wala si Land Cruiser, bali ni wadogo zao: Toyota RAV4, Suzuki Escudo, Daihatsu Terios na pacha wake Toyota Cami, pamoja na nyingine za jamii hiyo.

Wanunuzi wake si matajiri. Ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mahindi na machungwa, na wastaafu waliopokea kiinua mgongo chao. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu, baada ya nyumba yenyewe, hakuna kitu kingine kikubwa kitakachonunuliwa maishani kama hicho. Fedha hiyo ingeweza kuwa karo ya watoto, au mabati, au shamba. Kwa hiyo swali la kama motokaa hizi zafaa au hazifai si la watu wa kupitisha jioni barazani tu. Ni swali la nyumba kusimama au kuyumba.

Ukiuliza, utapata majibu mawili yasiyopatana. Mwenye mali atasema hivi na dereva atasema vile. Wala si kwamba mmoja wao ni mwongo. Mwenye mali huipima motokaa kwa mfuko wake. Dereva huipima kwa mikono, kwa masikio na kwa mgongo wake. Basi yafaa tuwasikilize wote wawili, kisha tuone maneno yao yatufundisha nini.

ASILI YA MOTOKAA HIZI

Zamani gari la njia mbaya lilikuwa kubwa na ghali. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam mwaka 1948, na baada ya miaka michache ikawa gari la mabwana shamba, madaktari, wamisioni na polisi katika nchi nyingi za Afrika. Mtu wa kawaida aliitazama ikipita na kufuta vumbi usoni.

Wajapani ndio waliolipunguza gari hilo likamfaa mtu wa kipato kidogo. Mwaka 1970 kampuni ya Suzuki ilitoa kigari kiitwacho LJ10, chenye injini ya sentimita za ujazo 359 tu, ndogo kuliko injini za pikipiki kubwa za leo. Katika ukoo huo zikaja Jimny na zile zijulikanazo kwa jina la Samurai. Mwaka 1988 Suzuki ikatoa Escudo, ambayo nchi nyingine huiita Vitara. Hiyo ilikuwa na ugumu wa gari la shamba, lakini viti na usukani vya motokaa ya mjini.

Mwaka 1994 Toyota ikaleta RAV4, iliyoundwa kwa njia nyingine kabisa. Haikuwekwa juu ya fremu ya vyuma kama lori, bali kiwiliwili chake chote ni kitu kimoja, kama motokaa ndogo za kawaida. Mwaka 1997 ikaja Daihatsu Terios, na mwaka 1999 Toyota ikaanza kuiuza kwa jina la Cami.

Je, kwa nini zimefika kwetu kwa wingi? Sababu ya kwanza ni kwamba Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Sababu ya pili ni sheria yao ya ukaguzi. Motokaa mpya ya mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na matengenezo yake wagharimu fedha nyingi. Kwa hiyo wengi huona ni afadhali kuuza na kununua nyingine. Motokaa zao huenda mnadani, kisha melini, mpaka Dar es Salaam. Kilicho mzigo kule, huku ni mali.

NJIA ZETU ZILIVYO

Msomaji wa mbali ataweza kuuliza: barabara kuu ni lami, basi gari la magurudumu manne la nini? Jibu ni kwamba watu hawakai barabarani. Ukiiacha lami waingia katika njia za mashamba ya katani. Ukienda upande wa bonde la Lwengera, kuna Magoma na Mashewa. Ukipanda milima ya Usambara, kuna Vugiri, Bungu na Dindira. Ukivuka kwenda Handeni, nje ya lami wakutana na vumbi na mchanga.

Njia hizi si mbaya kwa namna moja. Mlimani, udongo mwekundu wakati wa masika, Machi hadi Mei, huteleza kama sabuni, na kando yake kuna korongo. Bondeni kuna tope zito na vijito ambavyo jana vilikuwa vikavu. Handeni shida ni mchanga, mawe, na vumbi liingialo kila mahali. Motokaa iliyo nzuri kwa mojawapo ya njia hizo yaweza kuwa taabu kwa nyingine. Hilo ndilo wanunuzi wengi hawalifikiri wanapotazama rangi na viti.

RAV4: SIFA NA LAWAMA

Wenye RAV4 huisifu kwanza kwa jambo moja: haimwachi mtu njiani bila fundi. Ile ya kwanza ina injini ya lita 2 iitwayo 3S-FE, ambayo Toyota iliitia pia katika motokaa zake nyingine nyingi za miaka ile. Kwa hiyo mafundi waijua, na spea zake, mpya na kuukuu, hupatikana kwa urahisi. Sifa ya pili ni kwamba huuzika. Mtu akipatwa na haja ya fedha, RAV4 haikai muda mrefu ikingoja mnunuzi. Kwa mwenye mali hilo ni neno kubwa, maana ni kama akiba yenye magurudumu.

Madereva nao huisifu kwa wepesi. Usukani wake hauchoshi, na kutoka Hale mpaka Tanga mtu hushuka bila kuumwa mgongo. Lakini lawama zao ni mbili. Ya kwanza, haina zile gia ndogo za nguvu za kupandia polepole sana. Katika mteremko mkali wenye tope, dereva hulazimika kuipandisha kwa kasi, au kuichosha klachi mpaka inuke. Ya pili, ikibeba watu watano na mizigo, tumbo lake hushuka na kugonga mawe ya katikati ya njia.

Kuna na jambo la tatu ambalo mnunuzi hana budi kulijua. Si kila RAV4 yenye namba 4 katika jina lake huvutwa na magurudumu manne. Katika zile za umbo la pili, zilizoanza mwaka 2000, nyingi zenye injini ya lita 1.8 huvutwa na magurudumu ya mbele tu. Kwa macho zafanana na nyingine. Njia ya kujua ni kuinama na kutazama chini upande wa nyuma: kama hakuna propela wala difu, basi hiyo ni motokaa ya mjini iliyovaa viatu vya shamba. Kwa mtu wa Hale mjini yaweza kumtosha, lakini mtu wa Dindira itamwaibisha.

Tena katika umbo hilo la pili ziko za lita 2 zenye alama ya D-4. Injini hiyo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya chumba cha kuchomea, kwa nguvu nyingi sana. Hutumia petroli kwa uangalifu, lakini yataka petroli safi na fundi mwenye vyombo vya kupimia. Pampu yake si ya bei ndogo, na masizi hujaa haraka kuliko katika injini za kawaida. Mafundi wengi wa huku, wakiulizwa, humshauri mtu wa njia za vumbi achague isiyo na alama hiyo.

ESCUDO: KIPENZI CHA DEREVA

Hapa mambo hugeuka. Mwenye Escudo mara nyingi hulalamika, na dereva wake hucheka. Mwenye mali asema inakunywa petroli, yarusha watu njiani, na spea zake nyingine si za kila duka, bali lazima ziagizwe mjini. Dereva asema ni sawa, lakini tazama inavyopanda.

Sababu ni hii. Escudo za umbo la kwanza na la pili zina fremu ya chuma chini, kama lori dogo. Kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya nyuma. Kuna kigingi cha pili kando ya gia, au kitufe katika nyingine, cha kuunganisha magurudumu ya mbele, na tena kuna gia ndogo za nguvu. Ukiziingiza, motokaa hutambaa polepole kama kobe, haikimbii wala haitelezi ovyo, na injini haiungui. Kwa njia za milimani hakuna katika hizi ndogo iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini kigingi hicho kina masharti, na wengi hawayajui. Magurudumu manne ya Escudo za namna hiyo yasiunganishwe juu ya lami kavu. Motokaa ikipinda kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Katika tope au mchanga, gurudumu hupata nafasi ya kuteleza kidogo, na tofauti hiyo huisha yenyewe. Katika lami kavu haliwezi kuteleza. Basi nguvu hujifunga ndani ya propela na difu, usukani huwa mzito, tairi hulika, na mwishowe kitu hukatika. Mwenye mali huambiwa Escudo ni mbovu, kumbe ameajiri dereva asiyefundishwa.

Jambo jingine zuri ni kwamba injini ya lita 2 ya umbo la pili, lililoanza mwaka 1997, hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Mnyororo hukaa muda mrefu, ila wataka oili ibadilishwe kwa wakati. Ukisikia sauti kama ya njuga asubuhi inapowashwa, jua kuna mtu aliyekuwa akifanya uchoyo wa oili.

TERIOS NA CAMI: ZA MFUKO MDOGO

Terios na Cami ndizo ndogo kuliko zote. Injini ni ya lita 1.3, na upana wake ni kama mita 1 na nusu na ushee. Wenye mali huzipenda kwa petroli, maana mtu huenda Korogwe na kurudi bila kuutazama mshale kwa hofu. Madereva huzipenda kwa wembamba wake, kwa kuwa hupita katika vichochoro vya mashamba ambamo nyingine huchanwa na miiba ya mkonge. Nyingi kati yake huvutwa na magurudumu manne wakati wote, na kuna kitufe cha kufunga difu ya katikati mtu anaponasa.

Lakini udogo una gharama yake. Mlimani, ikiwa imejaa watu, injini hulia kama mtoto aliyeachwa. Barabarani, lori kubwa likiipita, huyumba kwa upepo. Dereva mwenye busara haendi nayo mbio, wala haipakii kama gari la mizigo. Yafaa sana kwa nyumba ya watu wachache, mwalimu au muuguzi aendaye kazini kila siku katika njia ya wastani. Haifai kwa mtu anayetaka kubeba magunia.

MAHALI WANAPOGOMBANA

Mwenye mali na dereva hugombana hasa kwa mambo mawili: mizigo na tairi.

Mwenye mali, akiona nafasi nyuma ya viti, huiona kama gunia tupu lililo wazi. Atatia mahindi, atatia watu, kisha atafunga ndizi juu ya paa. Dereva ndiye ajuaye kitakachotokea. Motokaa hizi ziko juu na ni fupi. Mzigo ukiwekwa juu ya paa, uzito wote hupanda, na katika kona au katika kukwepa mbuzi ghafula, motokaa hutaka kulala upande. Jambo hili si maneno ya mitaani. Mwaka 1988 jarida la Marekani liitwalo Consumer Reports liliandika kwamba Suzuki Samurai yaweza kupinduka kwa urahisi mno dereva akikwepa kitu kwa ghafula. Kampuni ya Suzuki ilikana, ikalishitaki jarida hilo mwaka 1996, na shauri likaisha kwa mapatano mwaka 2004. Wazungumzaji wakubwa waligombana miaka mingi. Sisi yatutosha kukumbuka kwamba kitu kirefu na chembamba huanguka upesi kuliko kitu kifupi na kipana. Mama auzaye maji kichwani ajua hilo bila jarida.

Kwa upande wa tairi, mwenye mali hununua moja kuukuu kila moja linapopasuka, na baada ya mwaka motokaa ina tairi nne za aina nne. Katika motokaa ivutwayo na magurudumu manne wakati wote, hilo ni kosa la gharama kubwa. Tairi lililolika huzunguka mara nyingi zaidi kuliko jipya katika mwendo ule ule. Basi kile chombo cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika, hupata moto, na hufa. Tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja na zilike pamoja. Tena tazama ubavuni mwa tairi: kuna namba nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2312 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2012. Hata likiwa na meno mazuri, mpira wake umezeeka.

GARI LA MTU MMOJA NI LA MTAA MZIMA

Sasa kuna jambo ambalo muuzaji hatalitaja kamwe, nalo ni kubwa kuliko yote. Kijijini, mwenye motokaa hana motokaa peke yake. Usiku wa manane mlango utabishwa. Mama ameshikwa na uchungu, au mtoto ana homa na anatikisika, na pikipiki haimfai mgonjwa wa namna hiyo. Hakuna atakayeuliza kama umelala au kama umetia petroli.

Usiku huo ndio mtihani wa motokaa. Haidhuru rangi yake ni nini wala ni ya mwaka gani. Jambo ni kama itawaka, kama itapanda, na kama breki zitaishika ikishuka. Waulizeni wauguzi wa zahanati za mlimani watawaambia kwamba saa moja ya kunasa topeni yaweza kuwa tofauti ya mama kurudi nyumbani na mtoto wake au kutorudi.

Kwa sababu hiyo, madereva wazoefu hushika kanuni chache, nasi tungezishika sote. Tangi lisishuke chini ya robo wakati wa masika. Kuwe na kamba imara, jembe na tochi ndani. Tairi la akiba liwe na upepo. Na kwa mito iliyofurika, msiingie. Motokaa huvuta hewa kwa mbele. Maji yakiingia katika hewa hiyo, injini hujaribu kuyabana, na maji hayabaniki. Vyuma vya ndani hupinda papo hapo, na motokaa husimama katikati ya mto, saa ile ile ambayo maji yanapanda. Asiyejua kina na ashuke apime kwa fimbo. Na kama hathubutu kuvuka kwa miguu, asivuke kwa gari.

Yafaa pia majirani wakumbuke upande wao. Kumbebea mgonjwa ni wema, lakini petroli haichotwi kisimani. Mtaa ambao umekubaliana mapema kuchanga kidogo kidogo kwa safari za hatari hautamchosha mwenye gari, naye hatazima simu yake usiku.

TUPIGE HESABU

Usione vyaelea, vimeundwa. Tuchukue mtu aendaye kilomita 300 kwa juma, majuma 50 kwa mwaka. Kwa maneno ya wenye magari wenyewe, Escudo ya lita 2 huenda takribani kilomita 8 kwa lita katika njia zetu, RAV4 ya zamani takribani 10, na Terios takribani 12. Basi Escudo itakunywa lita 1,875 kwa mwaka, RAV4 lita 1,500, na Terios lita 1,250. Kati ya ile ya kwanza na ya mwisho kuna tofauti ya lita 625. Zidisha kwa bei ya petroli ya kituo cha kwenu leo, ndipo utajua kama ile motokaa uliyoambiwa ni rahisi ni rahisi kweli. Tena tangu mwaka 2017 serikali iliondoa ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, na badala yake ikaongeza ushuru katika mafuta. Maana yake, anywaye zaidi hulipa zaidi.

Juu ya petroli weka bima, oili na chujio zake, tairi, shokapu na bushi, ambazo katika njia zetu huisha mapema. RAV4 ya kwanza yahitaji mkanda mpya wa taimingi kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hajui umebadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa, na fedha yake uwe nayo mkononi siku ya kununua.

Kwa aagizaye Japani mwenyewe, kuna ushuru. Motokaa iliyopita miaka 8 tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa ziada, na iliyopita 10 hutozwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo bei ndogo ya mnadani isimlevye mtu. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina kikokotoo katika intaneti, na kijana yeyote mwenye simu aweza kumsaidia mzee wake kuona jumla ya kodi kabla hajatuma hata senti moja.

KABLA HUJATOA FEDHA

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi fanya haya bila kuona haya. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa dalali. Ikute motokaa ikiwa baridi, isije ikawa imewashwa mapema ili kuficha ubovu. Chomoa kijiti cha oili utazame. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia. Inama uone kutu, hasa kama motokaa imekaa pwani. Tafuta tope kavu chini ya mazulia, maana huenda imewahi kuzama. Kama ina kigingi cha magurudumu manne, iendeshe katika udongo ukiingize na ukitoe mbele ya muuzaji. Mwisho, hakikisha namba ya fremu yafanana na ile iliyo katika kadi, na jina la katika kadi ni la mtu unayemlipa.

Tena usitumie fedha yote. Mafundi wengi na madereva wengi hukubaliana katika neno hili moja: mwenye shilingi kumi anunue motokaa ya saba, na tatu aziweke. Motokaa ya mtumba humdai mgeni wake katika miezi ya kwanza. Aliyebakiwa na tatu huitengeneza, naye huendesha miaka. Aliyemaliza zote huiegesha chini ya mwembe, kuku wakapata pa kulala.

NENO LA MWISHO

Je, motokaa hizi zafaa? Twajibu: zafaa, kila moja kwa njia yake. Mtu wa mlimani, kwa masika na tope, na aende na dereva katika kuisifu Escudo, akubali kulipa petroli. Mtu wa lami na njia za wastani, apendaye spea za karibu na motokaa iuzikayo, RAV4 isiyo na makuu yamtosha. Mtu wa mfuko mdogo na watu wachache, Terios au Cami itamhudumia akiiheshimu.

Lakini asichague mtu mmoja peke yake. Baba na mama wa nyumba wakae pamoja, wahesabu karo kwanza na motokaa baadaye. Kisha waijue njia yao ilivyo katika siku yake mbaya kuliko zote, wala si katika siku ya jua. Waulize ni fundi yupi aliye karibu nao na anajua gari gani. Na kabla ya kumsikiliza auzaye, wamsikilize dereva aliyewahi kunasa. Huyo hana cha kuuza, na tope la njia zenu alijua kwa magoti yake.